Boga Lisioze Mlangoni



Kwa kawaida tunazungumza hapa juu ya kaske, viatu, miwani na vumbi la karieri. Leo tutazungumza juu ya boga. Msicheke. Usalama wa mfanyakazi hauanzi kwenye mlango wa kazi. Unaanza nyumbani, katika sahani anayokula kabla ya kuondoka na katika afya ya watoto anaowaacha nyuma. Mtu ambaye mtoto wake ni mgonjwa anakwenda kazini na mwili tu, mawazo yanabaki hospitalini. Na mawazo yakiwa mbali, ajali iko karibu.

Piteni katika kambi zetu na katika mitaa ya Likasi, Kipushi, Kolwezi au Lubumbashi kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne, wakati mvua imekwisha kufanya kazi yake. Mtaona maboga yamepanda juu ya ukuta, yamelala juu ya choo, yamefunga njia. Mtaona na kurjeti, lile boga dogo refu la kijani ambalo wengi wetu tunalipanda siku hizi kwa sababu mbegu zake zinapatikana. Ni mali nyingi. Lakini angalieni na jalala. Hapo pia mtaona maboga yaliyooza na kurjeti zilizoachwa mpaka zikawa ndefu kama mkono wa mtu, nzi wakicheza juu yake na panya wakija usiku. Na asubuhi ile ile mama wa nyumba hiyo anatoka na franka zake kwenda sokoni kununua mboga.

Mimi nasema wazi: hapo kuna kosa, na kosa si la bustani. Bustani imetimiza wajibu wake. Kosa ni la jiko linalojua kupika boga kwa namna moja tu. Wiki ya kwanza watoto wanafurahi. Wiki ya pili wanakula kimya. Wiki ya tatu baba anakunja uso na kuuliza, "Boga tena?" Wiki ya nne boga linatupwa. Nyumba inayojua namna moja itachoka, na ikichoka itatupa. Nyumba inayojua namna saba itamaliza mazao yake yote na kumpa jirani.

TUJUE KWANZA TUNAKULA NINI

Wengine wanasema kurjeti ni chakula cha wazungu. Si kweli. Kurjeti ni boga kama maboga mengine, ila limechumwa likiwa bado changa. Jamii hiyo ya maboga ilianza kulimwa huko Mexico zamani sana, miaka 10 000 hivi iliyopita, na wakulima wa kwanza walikuwa wenyeji wa nchi ile. Baadaye mbegu zilivuka bahari. Waitaliano ndio waliochagua aina hii ndefu inayochumwa changa. Kwa hiyo aliyezoea kupika boga changa la bibi yake hana haja ya kuogopa kurjeti. Ni ndugu wa ukoo mmoja.

Lakini tusidanganyane. Kila sehemu ya mmea ina kazi yake mwilini.

Kurjeti changa ni maji sana: katika gramu 100, gramu 95 hivi ni maji. Haishibishi peke yake, wala haichukui nafasi ya maharagi, karanga, ndagala au nyama. Kazi yake ni kuongeza mboga katika sahani na kusaidia tumbo. Ni nzuri pia kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, kwa sababu wanga wake ni kidogo.

Boga lililoiva, lile lenye nyama ya rangi ya machungwa, lina nguvu nyingine. Rangi ile ni dalili ya kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini A anaanza kushindwa kuona jua linapotua. Anajigonga katika viti, mama anafikiri ni utundu, kumbe ni macho. Akiendelea kuikosa anaweza kuwa kipofu. Na surua ikimkuta katika hali hiyo, inampiga vibaya zaidi. Tukumbuke kwamba surua iliyoenea katika nchi yetu tangu mwaka wa 2019 iliua watu zaidi ya 6 000, wengi wao watoto wadogo. Chanjo ndiyo ngao ya kwanza, na vidonge vya vitamini A vinavyogawiwa kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ni ngao ya pili. Msikose siku zile. Lakini sahani ya kila siku nayo ni ngao, na boga jekundu ni sehemu yake.

Majani ya boga, ambayo wengi wanayaita chibwabwa kama jirani zetu wa Zambia, nayo yana vitamini hiyo. Jambo moja msisahau: vitamini A inapenda mafuta. Boga au majani yaliyopikwa kwa maji matupu yanampa mtoto faida ndogo. Weka mafuta kidogo, au karanga zilizotwangwa, ndipo mwili utaipokea vizuri.

Na mbegu? Hapo ndipo tunapotupa mali hasa. Ukimenya mbegu ya boga iliyokauka, karibu theluthi ya uzito wa kiini chake ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Ni chakula kinachofanana na karanga. Tunanunua karanga sokoni na kutupa mbegu jalalani. Je, hiyo ni akili?

CHUMA MAPEMA

Dawa ya kwanza ya wingi ni kuchuma kurjeti ikiwa ndogo. Mbegu iliyopandwa inaanza kutoa katika siku 45 mpaka 60, na ikianza haingojei mtu. Ukiacha kurjeti siku tatu bila kutazama chini ya majani, utaikuta imekuwa mzigo, ngozi ngumu, mbegu kubwa, ladha hakuna. Basi chuma kila siku ya pili, urefu wa kiganja chako na vidole. Ndogo zina ladha, zinaiva haraka, zinakula makala kidogo.

Mpe mtoto mkubwa kazi hiyo: kila asubuhi ya pili apite na kisu na kikapu. Na familia ya watu sita haihitaji mashina kumi ya kurjeti. Mashina mawili au matatu yanatosha. Mahali palipobaki panda maharagi, lengalenga au matembele.

NAMNA SABA ZA KUPIKA

1. Kurjeti ya haraka. Kata vipande vyembamba. Kaanga kitunguu katika mafuta kidogo, tia nyanya, kisha kurjeti. Usiongeze maji, maana yenyewe ina maji, wala usifunike. Dakika 10 zinatosha. Anayeitia maji na kuifunika nusu saa anapata uji wa kijani, halafu anasema kurjeti ni mbaya.

2. Kurjeti na ndagala. Osha ndagala vizuri, zikaange mpaka zikauke, ziweke pembeni. Pika kurjeti kama hapo juu, kisha rudisha ndagala mwishoni pamoja na pilipili. Ndagala inaleta protini na chumvi yake yenyewe, kwa hiyo usiongeze chumvi wala kube kabla ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja kidogo. Kube moja moja tunazotupa ndani ya chungu zinapandisha shinikizo la damu bila sisi kujua.

3. Maandazi ya kurjeti. Hii ni kwa zile zilizozidi kukua. Menya, toa mbegu, paruza kama karoti. Tia chumvi kidogo, ngoja dakika chache, kisha kamua maji kwa mikono safi. Changanya na yai moja, unga kidogo wa ngano na kitunguu, uchote kwa kijiko na kukaanga. Watoto waliokataa boga wanakula hii bila kuuliza ni nini. Nayo inafaa kubebwa kazini, kwa sababu ni kavu.

4. Kurjeti ya kujaza. Ipasue ile kubwa kwa urefu, toa mbegu iwe kama mtumbwi. Jaza maharagi yaliyokwisha kuiva, au wali uliobaki mchana huo huo na nyama kidogo ya kusaga. Weka katika sufuria yenye nyanya na maji ya kufunika chini tu, funika, acha moto mdogo mpaka ngozi ilainike. Ni chakula cha siku ya mgeni, na gharama yake ni ndogo.

5. Boga na karanga. Menya boga lililoiva, kata vipande, chemsha kwa maji machache. Likilainika, tia karanga zilizotwangwa, chumvi kidogo, na uache litokote polepole huku ukikoroga. Majani yanapikwa vivyo hivyo, ila kwanza menya nyuzi za mashina ili yasikwaruze koo. Chakula hiki na bukari kinaweza kusimama siku ambayo nyama haipo.

6. Uji wa boga kwa mtoto. Mtoto aliyekwisha kutimiza miezi 6 anaanza kula chakula pamoja na ziwa la mama. Uji wa unga wa mahindi peke yake haumtoshi. Ponda boga lililopikwa, lichanganye na uji, tia kijiko kidogo cha mafuta na unga wa karanga uliosagwa laini kabisa. Uwe mzito, usimwagike kwenye kijiko kama maji. Uji mwepesi unajaza tumbo bila kujenga mwili.

7. Maua na mbegu. Wahenga walisema: ukipenda boga, penda na ua lake. Walisema juu ya watu, lakini hata jikoni ni kweli. Maua ya kiume, yale yenye kijiti chembamba bila kiboga chini yake, yanaliwa. Chuma asubuhi, acha machache kwa ajili ya nyuki, toa wadudu, osha, kisha uyapike pamoja na majani. Mbegu za boga lililoiva zioshe, zianike, zikaange kwenye sufuria kavu na chumvi kidogo. Mfuko mdogo wa mbegu hizo ni chakula kizuri kwa mtu wa zamu ya usiku. Hazimwagiki, haziharibiki kabla ya asubuhi. Zikitwangwa zinashika nafasi ya karanga katika mboga. Ila mtoto mdogo asipewe mbegu nzima, anaweza kupaliwa.

KUWEKA AKIBA

Tunasema akiba haiozi. Lakini boga linaoza, kama hatukuliweka sawasawa.

Boga lililoiva kabisa, lenye ngozi ambayo ukucha hauingii, lichume pamoja na kikonyo chake. Usilibebe kwa kikonyo; kikikatika, uozo unaingia hapo. Liweke mahali pakavu penye hewa, juu ya mbao au majani makavu, bila kugusana na jingine. Hapo linaweza kukaa miezi miwili au mitatu. Litazame kila wiki. Lenye doa liliwe kwanza.

Majani yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yachuje, kisha yaanike kivulini penye upepo. Jua kali linaua vitamini. Kurjeti na boga vikate vipande vyembamba na uvianike juu ya utanda ulioinuliwa kutoka chini, na juu yake tandika neti safi kuzuia nzi. Kazi hii ifanye mwisho wa mvua, mwezi wa nne na wa tano, jua linaporudi. Ukianika katikati ya mvua utapata ukungu, na chakula chenye ukungu si cha kula wala cha kupewa jirani. Vikikauka mpaka vikatike kwa sauti, vitie katika chombo kikavu chenye mfuniko.

Jambo moja ninalikataza kabisa: msijaze kurjeti au boga ndani ya chupa pamoja na maji au mafuta, mkafunga na kuiweka mezani kwa miezi. Ndani ya chupa iliyofungwa kunaweza kuzaliwa sumu ya botulismi. Haionekani, mara nyingi hainuki, nayo inalegeza misuli mpaka mtu ashindwe kupumua. Kukausha ni salama kuliko chupa ya namna hiyo.

HATARI ZA KUANGALIA

Kazini tunafundishwa kutazama hatari kabla ya kushika chombo. Jikoni ni vivyo hivyo.

Uchungu. Kurjeti au boga likiwa chungu, tupa. Usiongeze sukari, usiongeze nyanya, usiseme ni dawa. Uchungu ule ni sumu ya mmea wenyewe, na moto hauiondoi. Inaleta tumbo kuuma, kutapika na kuhara. Mwaka wa 2015 huko Ujerumani mzee mmoja alikufa baada ya kula chakula cha kurjeti chungu zilizotoka bustanini. Sumu hiyo mara nyingi inarudi pale nyuki walipochanganya mmea wa bustani na boga la mapambo, na mtu akapanda mbegu za zao lile. Kwa hiyo, mbegu za kurjeti iliyoota karibu na maboga ya mapambo usizipande. Na kabla ya kupika, kata kipande kidogo kibichi, gusa kwa ulimi, tema. Ni kazi ya dakika moja.

Vumbi na udongo. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wao. Hilo ni letu sisi. Basi usilime juu ya udongo wa masalio ya madini, wala kumwagilia kwa maji ya mfereji unaotoka kiwandani. Usianike mboga kando ya barabara ya malori. Majani ya boga yana vinyweleo, yanashika vumbi kama blanketi: yaoshe mara mbili au tatu kwa maji safi. Na wewe unayetoka kazini, vua nguo za kazi na kunawa kabla ya kuingia jikoni au kumbeba mtoto.

Mapipa na mifuko. Pipa lililobeba dawa za kiwandani halioshwi likawa safi. Usiweke ndani yake maji ya kupikia, wala maboga, wala mboga kavu. Anayekuuzia pipa kama hilo kwa bei nzuri anakuuzia ugonjwa.

Kisu. Boga gumu limekata mikono mingi. Usilipasue juu ya paja, wala kulishika hewani. Kata kwanza kipande kidogo chini ili likae imara, liweke juu ya ubao, na chini ya ubao weka kitambaa chenye maji ili usiteleze. Kisu kiwe kikali. Kisu butu ndicho kinachoteleza. Watoto wakae mbali.

Mbabula. Boga gumu linapikwa muda mrefu, na wakati wa mvua tunapenda kuingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu usingizini. Pikia nje chini ya paa, au mlango na dirisha vikiwa wazi. Chakula kikiiva, mbabula ibaki nje, hata kama makala yanaonekana kufa.

Mabaki. Mboga yenye maji isikae kwenye joto zaidi ya saa mbili. Anayekwenda zamu ya usiku abebe chakula kikavu, au ale chakula cha moto kabla ya kuondoka. Kuhara ukiwa chini ya ardhi au juu ya mashine kubwa si jambo la kucheka: nguvu zinakwisha, kichwa kinazunguka, na wenzako wanakuwa katika hatari pamoja nawe.

NENO KWA BABA

Baba, naomba nikuambie jambo. Mara nyingi si mama anayetupa boga. Ni uso wako unaolitupa. Ukiketi mezani na kusema, "Hiki ni chakula cha mateso," watoto wanasikia. Kesho nao watakataa, na mama ataona aibu kulipika. Halafu zile franka zinazokwenda sokoni zinatoka wapi? Zinatoka katika mshahara wako mwenyewe.

Waliokuwa wakubwa katika miaka ya 1990 wanajua bustani ni nini. Wazee walikuwa wamezoea wakati wa posho, unga ukipimwa kwa kila nyumba. Halafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwezi wa 9 mwaka wa 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, na mishahara ikawa inachelewa miezi na miezi. Nyumba nyingi zilivuka kipindi hicho kwa jembe la mama. Aliyelishwa na majani ya boga wakati ule asiyadharau leo kwa sababu mshahara umeingia. Bei ya shaba na kobalti inapanda na kushuka. Inaamuliwa mbali, si katika mtaa wetu. Boga la uani halisomi bei hiyo.

Wengine wataniambia, "Tuuze yaliyozidi." Vyema, uzeni. Lakini mwezi wa tatu kila mtu ana maboga, na soko limejaa. Bei yake haifikii hata nauli. Mwezi wa tisa na wa kumi, wakati kila kitu kimekauka, ndipo majani makavu na mbegu za kukaanga zinapata wanunuzi. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: watoto wale kwanza, akiba iwekwe pili, jirani apewe tatu, soko liwe la mwisho. Anayeanza na soko anarudi nyumbani na franka chache, na mtoto wake bado hajaona boga mezani.

Na jirani nisemeje? Katika kila mtaa kuna mama mjane, kuna mzee aliyeacha kazi, kuna nyumba ambayo baba amelala hospitalini. Kikapu cha kurjeti ndogo, zilizochumwa asubuhi na kuonjwa kwamba si chungu, ni zawadi isiyokugharimu kitu. Ila usimpe mtu lile jitu gumu ambalo wewe mwenyewe umeshindwa kulila. Hiyo si zawadi, ni kumpelekea jalala lako.

Basi, wapendwa, fanyeni jaribio. Kuanzia Jumamosi hii, kwa mwezi mmoja, nyumba yako isitupe hata boga moja zima. Chagueni namna tatu kati ya saba tulizozitaja, mama apike mbili, baba apike moja. Ndiyo, baba. Mkono unaoweza kuongoza lori kubwa la karieri unaweza kugeuza andazi katika sufuria. Mwisho wa mwezi hesabuni franka mlizookoa za mboga, na kwa fedha hizo nunueni ndagala, mayai au maharagi, kile ambacho boga haliwezi kutoa.

Kazini tunasema, kila chombo mahali pake. Na boga nalo lina mahali pake: changa katika sufuria, lililoiva ghalani, mbegu katika mfuko wa mtu wa zamu ya usiku, majani katika sahani ya mtoto. Mlangoni, likioza na kukusanya nzi, si mahali pake.